Kuweka Linux ili LUKU ipungue

Kaka wa Igoma, umeuliza ukitoa Windows ukaweka Linux, sistimu nyingine ya kuendeshea kompyuta, kwenye desktopu za stationari yako LUKU itapungua au la. Kidogo sana, pengine isipungue kabisa, maana kazi ya sistimu ni kuiruhusu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ipumzike kukiwa hakuna kazi na zote mbili zinajua hilo, shida ni programu zinazojiwasha zenyewe kwa nyuma na draiva mbovu (programu za kuendeshea kifaa) za kadi ya picha, hapo prosesa haitulii hata kama hakuna mteja. Zima hizo kwanza. Halafu setingi za umeme, skrini ijizime baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya 15, hapo ndo hela ilipo kaka, mashine ikikaa bure inakula tuseme wati 60, kwa masaa 10 ni uniti 0.6 na wewe mashine unazo kadhaa, ikilala inakula wati chache tu. Ila umeme ukikatika ikiwa imelala kazi ya mteja ambayo hujaisevu imeenda, kwa hiyo bora haibaneti, ile inaandika kila kitu kwenye diski ndo inazima. Na ukiweka Linux kweli, jaribu programu ya powertop, itakuonyesha programu gani inaamsha prosesa kila mara.