Ukitaka kuwasoma Decker na Rina, fuata miaka

Wapenzi wa riwaya za upelelezi hupenda kusema okota chochote uanze, maana muuaji atakamatwa humohumo. Kwa Faye Kellerman, Mmarekani anayeandika visa vya Decker na Rina, sikubali. Soma kwa mpangilio, kuanzia The Ritual Bath (1986) hadi The Hunt (2022). Kesi hufungwa kila kitabu, lakini ndoa, watoto na imani vinaendelea, na utamu uko huko.

Peter Decker ni mpelelezi wa polisi wa Los Angeles. Rina Lazarus ni mjane kijana mwenye wana wawili, anaishi kwenye yeshiva, yaani chuo cha dini ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi washika dini. Mwanamke anabakwa karibu na josho lao la tohara, polisi wanaitwa, na Rina ndiye anayemwelewesha Decker mambo ya pale. (Kama visa vya ubakaji vinakuumiza, jua mapema, mwandishi huyu hapindishi.) Mapenzi yanaingia, na hapohapo kizuizi: Rina hawezi kuolewa na asiye Myahudi. Decker amelelewa Florida na Wabaptisti waliomchukua akiwa mtoto, ila waliomzaa ni Wayahudi. Katika Day of Atonement (1991) wako Brooklyn, wametoka kuoana tu, na Decker anakutana ana kwa ana na mama aliyemzaa. Aliyerukia hapo ataona mtu anayebabaika mbele ya wakwe. Aliyeanza mwanzo atakiweka kitabu chini kwanza avute pumzi.

Usiziruke kurasa za Sabato na jikoni. Mswahili aliyekulia karibu na Waislamu anazielewa haraka kuliko wasomaji wengi: kuoga josho baada ya hedhi, mke kufunika nywele, kutogusana na asiye maharimu, nyama kuchinjwa kwa sheria. Na hazikuwekwa kama mapambo. Kazi ya polisi haijui Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, kwa hiyo kila maiti inamdai Decker achague, na Rina naye ana msimamo wake.

Majalada mengi hayana namba, basi funua ukurasa wa haki za uchapishaji uangalie mwaka, hasa ukinunua vya mitumba. The Quality of Mercy (1989) na Moon Music (1998) ni vyake pia, lakini Decker hayumo. Viweke kando kwa sasa.

Katikati ukichoka, ruka kimoja viwili, sitakulaumu. Usiruke Justice (1995). Ndimo anamoingia Chris Donatti, kijana mrembo wa sura, hatari kweli, na bila yeye hutaelewa kwa nini mwanawe Gabe anaishia kulelewa na kina Decker kuanzia Hangman (2010). Kama unampenda Cindy, binti wa Decker wa ndoa ya kwanza aliyeingia upolisi kinyume na matakwa ya baba yake, Stalker (2000) ni chake.

Kuanzia Murder 101 (2014) wanahamia Greenbury, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la New York. Mwendo unapungua, na wapo waliokata tamaa hapo. Mimi nilivipenda kwa sababu ya Tyler McAdams, kijana tajiri wa Harvard anayemkera mzee Decker tangu siku ya kwanza, na Rina anayemlisha kijana huyo hata kabla mumewe hajamzoea.