Muulize Mama wa Kamera: "Niiuze 40D yangu?"

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Majengo, hapa hapa Moshi. Mjomba amenipa Canon 40D iliyolala kabatini miaka mingi, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Jioni huwa napiga picha za mpira Pasua, siku nyingine bodaboda mjini, na Desemba mdogo wangu anapata kipaimara, nyumbani wanasema mpiga picha ni mimi. Tatizo ni kwamba picha za mpira zinacheza, wachezaji wanatoka kama mizimu, na isipokuwa hivyo basi fokasi imekamata miti ya nyuma ya goli. Wenzangu wenye kamera mpya wananicheka, eti megapikseli kumi hata simu inanizidi. Niiuze ninunue simu nzuri?*

Marahaba mwanangu. Usiuze. Hela utakayopewa itatosha viatu vya kuendea uwanjani, na ukifika huko utakuwa huna cha kupigia.

Hiyo kamera naijua kama ninavyolijua jiko langu. Ya kwangu niliinunua mtumba mwaka 2011, wakati toleo lenyewe lilikuwa limeingia sokoni 2007, na raba ya pale unapoishikia nimeshaigandisha kwa gundi ya viatu mara mbili. Imenisomeshea watoto wawili. Kwa hiyo hao wanaokucheka tuwamalize kwanza. Megapikseli 10.1 ni picha ya nukta 3888 kwa 2592. Ukiisafisha inchi 8 kwa 12 inatoka safi kabisa, na sijaona ukuta wa sebuleni Moshi unaodai kubwa kuliko hiyo. Wateja wengine wote wanataka watumiwe WhatsApp, ambako picha ya kamera mpya nayo inabanwa mpaka inalingana na yako. Halafu inapiga picha sita na nusu kwa sekunde. Waulize yao ya simu, ukibonyeza, inapiga pale pale au inajifikiria kwanza?

Ugonjwa wake ni giza. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kwa kawaida inaishia 1600, na hata ukiilazimisha ifike 3200 picha inajaa chengachenga. Sasa wewe unapiga mpira jioni, na lenzi ambayo ukiivuta hadi 55 tundu lake la kuingizia mwanga linabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Saa kumi na moja mambo ni mazuri. Saa kumi na mbili na robo, unajua mwenyewe, jua la huku halizami, linadondoka. Kamera ukiiacha kwenye Auto inaona mwanga umepungua, inapunguza spidi ya shata, ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga, kimya kimya mpaka 1/60 ya sekunde, na hapo ndipo mizimu inapozaliwa.

Toka Auto. Zungusha kile kitufe cha juu hadi Tv, ambapo spidi ya shata unaichagua mwenyewe, weka 1/500, ISO 800. Kwa bodaboda weka 1/1000. Chungulia kwenye dirisha la kamera: namba ya tundu ikianza kukukonyeza, inakwambia mwanga hautoshi, basi panda ISO hadi 1600. Ikiendelea kukonyeza, kunja vifaa, nenda kanywe chai. Nasema kweli. Nusu ya picha mbaya nilizowahi kupiga nilizipiga katika dakika kumi ambazo nilipaswa kuwa nimeshaondoka.

Habari ya miti ya nyuma. Kamera yako ina nukta tisa za fokasi, na kwa sasa umeiachia ichague yenyewe. Inachagua inachokipenda. Chagua nukta ya kati peke yake, ndiyo yenye macho kuliko zote, kisha weka AI Servo ili imfuate mchezaji anavyokimbia. Nyuma, pale dole gumba linapokaa, kuna kitufe kimeandikwa AF-ON. Zoea kufokasi kwa hicho, na kwenye menyu uiondolee shata kazi ya kufokasi, ibaki kupiga tu. Wiki ya kwanza utaniona nimekupoteza. Ya pili utasahau ulivyokuwa unafanya zamani. Pa kufanyia mazoezi ni kipilefti cha Mnara wa Saa: bodaboda wanakuja wamelala upande, mmoja baada ya mwingine, wala huwalipi. Simama nje ya barabara tu, tafadhali.

Ukipata hela, usinunue kamera. Nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ile ya plastiki. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Jioni ile ile ya Pasua, ISO ile ile, lakini shata yako sasa inaweza kukimbia. Na kwa kuwa sensa ya 40D, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, hiyo 50 inakuonyesha kama 80, inatosha kabisa ukikaa karibu na kibendera cha kona. Goli la upande wa pili liache lipite. Huwezi kupiga uwanja mzima kwa lenzi moja, hata mimi siwezi.

Sasa kitu ambacho hakiuzwi. Picha sita na nusu kwa sekunde zinasikika nyingi, lakini kati ya moja na inayofuata mpira uliopigwa sawasawa unasafiri kama mita tatu. Kwa hiyo ukisubiri uone mguu umegusa mpira ndipo ubonyeze, utapata picha ya mtu amesimama kwa mguu mmoja, mpira hakuna. Miaka ile nikipiga ligi za mitaa kulikuwa na winga mmoja wa kushoto, mwembamba, ambaye kila akitaka kupiga krosi alivuta bukta juu kwa mkono wa kulia. Kila mara. Beki hawakuwahi kugundua. Mimi nikiona mkono unaenda kwenye bukta, kidole kinashuka. Picha zake zote ninazo, mpira uko pale pale mguuni, vumbi limeinuka hadi magotini. Nenda Pasua siku moja bila kuwasha kamera, uwatazame tu. Kila mmoja ana bukta yake.

Kipaimara ni habari nyingine. Gauni jeupe, uso wetu mweusi, na kamera inapenda kila kitu kiwe kijivu. Ikiona weupe mwingi inaweka picha giza, gauni linakuwa la jivu na uso wa mtoto unapotea. Kwa hiyo ongeza mwanga theluthi mbili ya hatua, au hatua nzima, kwa gurudumu kubwa la nyuma. Utalizungusha na halitafanya kitu, halafu utasema kamera ya mjomba ni mbovu. Tazama swichi ya kuwashia: ina nafasi tatu. Isukume ipite ON, hadi kwenye kile kialama kilichopinda, ndipo gurudumu linaamka. Mimi niliishi na kamera hiyo miezi minne kabla sijajua, nikiwa nimeshamlaumu aliyeniuzia. Wapige mbele ya kanisa asubuhi, chini ya kivuli cha mti, si saa saba mchana juani ambapo macho yanakuwa mashimo.

Onyo moja na tuachane. Kadi yake ni CompactFlash, na ndani ya tundu mna vipini hamsini vyembamba kama nywele. Iingize taratibu, ikigoma itoe uigeuze. Mwaka fulani, kwenye kipaimara hicho hicho, Rau, nilibadilisha kadi huku natembea kumuwahi mchungaji, nikasikia "tik". Kipini kimoja kilikuwa kimelala. Shughuli iliyobaki niliipiga kwa kamera ya kuazima, na fundi wa Arusha alikinyoosha kwa sindano ya kushonea akiwa ameshika pumzi. Tangu siku hiyo nanunua kadi kubwa, naiacha ndani, nahamisha picha kwa waya.

*Mama, mimi ni dada wa Arusha, nina Nikon D40. Nimenunua lenzi ya 50mm f/1.8D mtumba, safi kabisa, lakini haifokasi. Nimeuziwa mbovu?*

Hapana, mdogo wangu, lenzi ni nzima. D40 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake, na lenzi hiyo nayo haina ya kwake, inategemea kamera iizungushe. Mmekutana viwete wawili. Uliyoitaka ni yenye maandishi AF-S. Kabla hujairudisha, lakini, jaribu hivi: fokasi kwa mkono, ukitazama chini kushoto ndani ya dirisha. Kuna kitone cha kijani. Kikitulia bila kukonyeza, fokasi imefika. Kwa mtoto anayekimbia hutaweza. Kwa bibi aliyekaa anachambua maharage, utapata picha ambazo hutaamini ni za megapikseli sita.

*Shikamoo mama. Kila nikipiga Mlima asubuhi, mawingu hayajaufunika, naona nukta nyeusi angani, na zinakaa mahali pale pale kila picha. Lenzi nimefuta mpaka basi. Msomaji wa Himo.*

Marahaba. Acha kufuta lenzi, utaikwaruza bure. Hilo ni vumbi kwenye sensa (ya kamera, si ya watu na makazi), na Januari na Februari huku kwetu kamera zote zinalo. Unaliona zaidi kwa sababu mlima unaupiga kwa f/16 au f/22. Rudi f/8, nyingi zitafifia, na mlima ulioko mbali hivyo hautapoteza kitu. Kisha nunua pampu ndogo ya mpira, chaji betri ijae, ingia kwenye menyu uchague kusafisha sensa ili kioo kinyanyuke, geuza kamera mdomo uangalie chini, pampu mara tano sita bila kugusa chochote ndani. Usipulize kwa mdomo. Mate yakikauka pale ni kazi ya fundi.