Gari la Msaada Haliko Nyuma Yako

Anayejiandikisha mara ya kwanza kwa msafara wa baiskeli wa siku kadhaa, tuseme Mombasa hadi Malindi kisha Marafa, hudhani gari la msaada litamfuata mguu kwa mguu. Kwa kawaida gari hutangulia kilomita 25 au 30 kupanga maji na matunda kituoni. La pili, kama lipo, hukaa na mtu wa mwisho. Wewe uliye katikati unajitegemea saa nzima na zaidi. Kabla ya kulipa, uliza: magari ni mangapi, fundi anapanda lipi, na anayeishiwa nguvu huchukuliwaje?

Begi kubwa hutaliona mpaka jioni. Kwenye baiskeli beba tyubu mbili, viraka, vibanio vya kutolea tairi, pampu, spana za kukunja, chupa mbili za mililita 750, na simu yenye chaji na salio la M-Pesa. Tazama pia vali ya tyubu zako. Ikiwa ni ile nyembamba ya baiskeli za mbio, usitegemee kuipata dukani njiani, kwani vipuri vingi huko ni vya zile baiskeli nyeusi za mizigo.

Kinachokwamisha watu zaidi ni kishikizo kidogo cha alumini kinachounganisha dereila ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni toka gia moja hadi nyingine) na fremu. Baiskeli ikiangukia upande wa cheni, au ikibanwa na nyingine juu ya gari, kishikizo hupinda. Gia zinaanza kuruka, na ukilazimisha ile nyepesi kabisa, dereila inaingia kwenye spoku na safari imeishia hapo. Fremu zinatofautiana, kwa hiyo cha mwenzako huenda kisikufae. Nunua cha akiba mapema ukifunge kwa tepu chini ya kiti.

Chumvi ya hewani na mchanga havingoji wiki. Kila jioni futa cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, ngoja kidogo, kisha futa tena mpaka nje pakauke. Mafuta yanayobaki nje hushika mchanga, na hapo cheni inageuka msasa.

Chagua msimu kwa upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inakupiga usoni ukielekea Malindi, na mchana huzidi. Kusi inakusukuma, ila inakuja na mvua za masika. Vyovyote vile, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tano jua limeshakuwa kali.

Kwenye kaskazi mtajipanga mstari mmoja, kushoto mwa barabara, mkipokezana kukaa mbele kuwakinga wenzenu upepo. Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako: akiyumba kukwepa shimo, utakayeanguka ni wewe. Aliye mbele apaze sauti, "Shimo!" au "Tuta!", na matuta si haba ukikaribia Gede. Hakuna kufunga breki ghafla.

Mahamri na mbaazi alfajiri ni chakula kizuri, lakini hakikufikishi mchana. Kula ndizi mbili kila saa, kabla njaa haijabisha. Madafu yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho linakutoa chumvi, basi tafuna kitu cha chumvi pamoja nayo. Ukitumia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, soma pakiti: kuna za nusu lita na za lita nzima.

Kaptura za sponji ziwe mbili, zivaliwe bila chupi, na upake mafuta ya mgando panaposuguana. Ukiifua, ikunje ndani ya taulo uikanyage kabla ya kuianika, maana unyevu wa pwani hauikaushi kwa usiku mmoja.

Ukihisi huwezi tena, sema ukiwa kituoni. Gari likirudi nyuma kukufuata katikati ya njia, walio mbele wanakosa maji.