Cheti Kipo, Bibi Anaweweseka

Juzi muuguzi mmoja wa Kisauni, msichana mdogo, ameniandikia: "Dada, kozi gani ya mtandaoni inatoa pointi haraka? Leseni yangu yaisha." Nikacheka, kisha nikaona haya, maana nami nilikuwa vivyo hivyo. Baraza la Wauguzi linataka pointi za mafunzo ndipo lihuishe leseni, basi tunaokota pointi. Warsha nyingi za Nyali nakumbuka biriani kuliko mada.

Usiku mmoja wa Ramadhani wakamleta wadini kwetu bibi wa Majengo. Alikuwa akichuma vitu hewani, akimwita marehemu mumewe aje afuturu. Mwanawe akaniambia, "Sista, juzi tu mama alikuwa anakanda mahamri na kunigombeza kwa chenji." Nikamjibu kwa ile sauti yetu ya wadini: uzee ndivyo ulivyo, baba. Nikaandika demenshia, ule ugonjwa wa akili kufifia polepole uzeeni. Sindano ya kutuliza ilipoagizwa, niliichoma mimi.

Asubuhi mwanafunzi alikuwa akimwogesha, mkono wake ukagota chini ya kitovu. Pamejaa, pamekaza kama ngoma. Tulipoweka mpira wa kutolea mkojo, ulitoka zaidi ya lita moja, mzito, unanuka. Ndani ya mfuko wake wa plastiki mlikuwa na amitriptilini aliyopewa ya maumivu ya miguu, dawa inayoweza kuzuia mkojo na kuvuruga akili ya mzee kwa pamoja. Siku ya nne bibi aliamka akiuliza ni nani aliyechukua leso yake.

Msimamizi alinisema mbele ya yule mwanafunzi. Miaka imepita, bado nalikumbuka neno kwa neno, na sitaliandika hapa.

Kwa hiyo wewe unayetafuta pointi, anza na swali moja: ilianza lini? Deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa ugonjwa au dawa, ndiyo iliyomshika bibi yule; huja kwa saa au siku chache, ikipanda na kushuka. Demenshia, kwa kawaida, hujikokota miezi na miaka. Mwulize aliyelala naye nyumba moja, na umwamini. Mzee anayepiga kelele utamshughulikia tu. Muogope aliyelala kimya, hasumbui mtu, kwani huyo ndiye tunayempita. Tazama mkojo, choo, midomo mikavu, kifua. Pekua dawa zote, hata za mafua za dukani.

Kisha jifunze 4AT, kipimo kifupi cha kutambua deliriamu, haichukui hata dakika mbili. Unaangalia kama yuko macho sawasawa, unauliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali na mwaka, unamtajisha miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, na unaulizia mabadiliko ya ghafla.

Hapo kwenye miezi ndipo Mombasa ilinifundisha, si warsha. Bi mkubwa mmoja alikwama palepale Desemba, nikawa tayari kumkata alama. Nikamwambia basi, nihesabie ya kwenu, ya Kiislamu. Akajiweka sawa kwenye mto wa kulalia: Ramadhani, Shaabani, Rajabu, mfungo tisa, mfungo nane, akashuka mpaka mfungo mosi bila kukwama. Kisha akaniuliza kama nami naijua.