Kwa mmisionari mpya wa Malindi: homa isemwe siku ya kwanza

Wageni wapya wa misheni wameingia Malindi, na masika nayo imeingia. Juzi nimepita nyumba yao nikakuta vyandarua vimefungwa fundo juu ya vitanda, eti joto. Jana bruda mmoja ameniambia kichwa kinamgonga kwa sababu ya jua. Nimekuwa muuguzi wa zahanati ya misheni muda mrefu, na maneno haya nayajua yanakoishia. Nawapenda, ndiyo maana nawaandikia kwa ukali.

1. Usijilinganishe na katekista wako. Utamwona ana homa, amejifunga leso kichwani, na bado anaongoza ibada kigangoni. Mwenzako ameugua malaria tena na tena tangu utotoni, mwili wake umezoea kupambana nayo. Haumzuii kuugua, ila mara nyingi ugonjwa haumwangushi haraka. Wewe uliyetoka Malta, Poland au Kerala hujajenga kinga hiyo. Hata kijana wa Gongoni aliyepelekwa kusoma Roma miaka kadhaa hurudi kinga yake imepungua, naye hukataa kuniamini mpaka alazwe.

2. Anayesema Kiswahili naye ni mgeni wa mbu. Hapa nitakaa kidogo, maana bado linaniuma.

Alitujia bruda kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kijana mchangamfu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko hiki chetu cha kuchanganya. Wazungu aliofika nao tuliwakalisha chini: dawa ya kinga, chandarua, mikono mirefu ikifika magharibi. Yeye tulimhesabu mwenzetu. Hakuna aliyemuuliza kwao kukoje. Kwao ni baridi ya kuvaa koti mwezi wa saba, malaria alikuwa akiisikia kwa wasafiri. Tukampa pikipiki na ratiba ya vigango vya upande wa Marafa.

Homa ilimkuta hukohuko. Akameza Panadol, akafundisha watoto wa kipaimara, akalala. Kesho yake jasho likamtoka, akapata nafuu, akamshukuru Mungu. Malaria ndiyo tabia yake: hupanda, hushuka, hupanda tena. Iliporudi akanunua AL, vidonge vya kutibu malaria, kwenye duka la dawa bila kupimwa, akameza mpaka homa ikakata, vidonge vilivyobaki akampa mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Alifanya kwa huruma, nami sina shaka na huruma yake. Lakini sasa tulikuwa na watu wawili wenye dozi pungufu, mmoja wao mtoto anayepewa kipimo cha mtu mzima.

Kila nikimpigia simu jibu ni moja: "Niko sawa, Mama, ni uchovu tu." Baadaye alinieleza kwamba aliona haya kulala kitandani ilhali wenzake waliotoka Ulaya wako kazini. Alidhani yeye, Mwafrika, hana haki ya kushindwa na mbu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waumini ndio waliomleta, wamembana katikati kwenye bodaboda, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, akiniita kwa jina la dada yake. Hospitalini wakamdunga artesunate, sindano ya malaria kali, wakampima sukari, wakamwongezea damu. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini ilipita muda mrefu kabla ya kurudi vigangoni.

Tangu hapo kila anayefika namuuliza amekulia wapi kabla sijamuuliza anatoka shirika gani. Wakuu wa jumuiya, nanyi ulizeni. Mtu wa Makete, huko nyanda za juu za Tanzania, na mtu wa Krakow, Poland, wapewe chandarua siku moja.

3. AL kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara 6, kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, usiingoje asubuhi. Imeze na chakula chenye mafuta, mahamri na mbaazi za nazi zinafaa sana. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi.

4. Kipimo kikisema hakuna malaria, usikimbilie kujitibu taifodi. Rudi upimwe tena kesho yake, na tufikirie mengine. Mlipuko wa homa ya dengi ulionekana hapa Malindi mwaka 1982. Homa ya chikungunya ilivamia kisiwa cha Lamu mwaka 2004, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba wakazi wapatao 3 kati ya 4 walikuwa wameambukizwa. Yote mawili huenezwa na mbu anayeuma mchana, anayezaa kwenye ndoo na matangi ya nyumbani, kwa hiyo funikeni maji. Mliotumwa Lamu mtakuta samaki wadogo kwenye birika: waacheni, wanakula viluwiluwi. Na kama homa ni ya dengi, dawa za maumivu kama brufen na sindano za diclofenac zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Ukiambiwa "tukuchome ya maumivu kwanza", sema hapana, damu ipimwe kwanza.

5. Kuoga ni baharini. Mabwawa na vidimbwi vya bara vina kichocho.

6. Msiniambie kuugua ni sehemu ya sadaka. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo homa ikamuua mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe akiwa hoi. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu anahusika. Daktari Mwingereza Ronald Ross alimwona kijidudu cha malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Rosine angekuwa na kipimo cha kutoa jibu kwa dakika 20, nani angemwambia avumilie? Wewe unacho, kimo kwenye kabati langu, nawe unanipita na homa yako ukienda Mambrui.

7. Ukienda likizo, usiache dawa ya kinga uwanja wa ndege. Kama ni doxycycline, endelea wiki 4 baada ya kuondoka. Ukipata homa kwenu, hata kama miezi imepita, mwambie daktari kabla ya lolote kwamba umeishi pwani ya Kenya, na uombe damu ipimwe malaria siku hiyohiyo. Huko kwenye baridi wanaweza kudhani ni mafua.

Namba ya zahanati nimeibandika nyuma ya mlango wa kila chumba. Pigeni hata saa nane za usiku.