Wasichana wameacha kuja mazoezini, nifanyeje?

Dada, nimekusoma. Unafundisha mpira watoto wa Makorora, hapa Tanga, kila jioni, wavulana wanazidi kuongezeka, wasichana 6 wamebaki 2, na mzazi mmoja amekwambia usimharibie mwanawe. Pole sana, neno hilo linauma. Nilipitia hayo hayo nikifundisha Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Usianze na jezi, anza na akina mama. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba asubuhi, wakati wanachoma vitumbua, nikakaa kwenye kigoda nikasikiliza. Kumbe shida haikuwa mpira: saa kumi na moja jioni binti ndiye anayechota maji na kulea mdogo wake, na mazoezi yakiisha giza limeshaingia. Nikahamishia ya wasichana Jumamosi na Jumapili asubuhi, nikaruhusu suruali ndefu na mtandio, na mama mmoja akawa anakaa pembeni ya uwanja. Walirudi. Mmoja alikuja na mdogo wake mgongoni, tukawa tunampakata kwa zamu.

Vifaa visikutishe: mipira miwili namba 4, na chupa zilizojazwa mchanga badala ya koni.

Ila jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa michezo wa Jiji, na asibaki mtu mzima yeyote faraghani na mtoto. Ukiona alama za kipigo, au mtoto amebadilika ghafla, usichunguze mwenyewe. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Na goti likivimba ni hospitali, si kuchuliwa.