Maswali ya Wasomaji: Rozeti, Makombe na Singa za Farasi

Mwezi huu barua tatu zimetufikia kutoka Arusha na Moshi, zote zikihusu jambo moja: namna ya kuhifadhi vitu vinavyobaki nyumbani baada ya mashindano ya farasi. Nimezijibu pamoja kwa sababu ushauri wa barua moja utawafaa pia wenzake.

SWALI: Shikamoo Mama. Binti yangu mwenye umri wa miaka 16 amekuwa akipanda farasi tangu akiwa na miaka 8, katika shamba moja karibu na Usa River, na kwa mashindano ya kuruka viunzi amejikusanyia rozeti 31 (yale maua ya utepe wanayopewa washindi), makombe manne na medali kadhaa. Rozeti nilizitundika kwenye waya sebuleni, mkabala na dirisha. Mwezi uliopita nilipozigeuza ili nifute vumbi niliona kuwa zile nyekundu zimekuwa za waridi upande wa mbele, ilhali nyuma bado ni nyekundu kabisa. Makombe nayo yamepiga weusi. Binti anakwenda shule ya bweni na vitu vyote ameniachia mimi. Nifanyeje? — Mama wa mpandaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliposhika rozeti ukaigeuza, ulishika ushahidi wa kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya kwa nia njema. Utepe wa rozeti ni satini, mara nyingi ya nyuzi za polyesta, na rangi yake huvunjwa na mwanga, hasa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Arusha iko karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kwa hiyo jua linaloingia dirishani kwako ni kali kuliko tunavyolihisi kwenye ubaridi wa mji wetu. Jambo la kusikitisha ni kwamba madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarudi nyuma: rangi iliyokwisha kupauka haitarejea hata ukiifungia rozeti gizani miaka kumi. Kwa hiyo zitoe ukutani leo, usingoje Jumamosi.

Kabla hujazifungasha, keti na binti yako kabla hajaondoka, mchukue rozeti moja baada ya nyingine, na aandike kwenye kipande cha karatasi jina la farasi, tarehe, mahali, aina ya shindano na nafasi aliyoshika. Ninasisitiza nafasi kwa sababu rangi pekee haiaminiki. Kwa desturi ya Uingereza nyekundu ni ya mshindi wa kwanza na buluu ya wa pili, lakini Marekani mambo yamegeuzwa, buluu ndiyo ya kwanza na nyekundu ya pili. Na nyekundu ikishapauka ikawa waridi, mjukuu wako atakayeifungua hatakuwa na njia ya kujua ilimaanisha nini. Aandike pia jina la saisi aliyemwandaa farasi asubuhi ile. Nimeona masanduku mengi ya kumbukumbu za aina hii, na jina linalokosekana karibu kila mara ni la saisi, ambaye aliamka saa kumi alfajiri kusuka singa za farasi ili mtoto wa mtu apendeze uwanjani.

Sasa zisafishe, lakini usizifue. Katikati ya rozeti, chini ya kile kitufe chenye maandishi ya dhahabu, kuna kadibodi. Ikilowa huvimba, na rangi ya utepe huweza kuchuja ikaingia kwenye mikia myeupe. Tumia brashi laini ya rangi, mpya, ukifagia vumbi kutoka katikati kwenda nje, mkunjo kwa mkunjo. Pasi usiitumie, kwani polyesta huyeyuka na kung'aa vibaya. Kisha geuza nyuma utazame pini: ikiwa imeanza kutu, itoe kwa uangalifu, na kama imegandishwa kwa gundi, kata kipande cha karatasi nyeupe uiviringishe ili kutu isiguse kitambaa. Mikunjo ya rozeti ijazwe karatasi laini nyeupe isiyo na asidi, nayo ikikosekana, kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga wala dawa ya kulainisha nguo. Amerikani ya kawaida, ile isiyotiwa rangi, inafaa sana. Usitumie kanga kuukuu hata kama ni laini, maana rangi yake inaweza kuhamia kwenye satini, wala magazeti, ambayo yana asidi na wino.

Zilaze kwenye boksi bapa kwa tabaka mbili, zisizidi, nzito zikiwa chini. Wengi wetu tuna tranka la bati lililobaki tangu enzi za shule, nalo linaweza kutumika, ila lina hatari yake: usiku wa Juni na Julai bati lililo juu ya sakafu ya saruji hupoa kuliko hewa iliyo ndani yake, na unyevu hujikusanya kama matone kwenye kifuniko. Liweke juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta wa nje, na ndani yake utandike amerikani. Ukungu huota unyevu wa hewa unapokaa muda mrefu juu ya asilimia 65 hivi, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vyumba vingi vya Arusha huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo usihifadhi chochote kwenye stoo ya nje, na siku kavu ikipatikana Januari au Septemba fungua tranka kwa saa chache, kivulini. Vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya husaidia kidogo. Tranka zima linahitaji vingi, na hujaa unyevu visipobadilishwa.

Kuhusu makombe, tafadhali usiguse majivu, dawa ya meno wala waya wa kusugulia sufuria. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa kombe la marehemu kaka yangu nililisugua kwa majivu kila Krismasi hadi siku moja nikaona wekundu wa shaba ukichomoza kwenye mdomo wake. Makombe mengi si fedha tupu. Ni shaba au madini mengine yaliyopakwa ganda jembamba la fedha, na kila unapolisugua unaondoa sehemu ya ganda hilo. Weusi uliouona hutokana na salfa iliyo hewani kukutana na fedha. Osha kombe kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji, bila kulizamisha kama lina kitako cha mbao, likaushe papo hapo kwa fulana kuukuu ya pamba, na weusi utakaobaki uuvumilie au uufute mara moja tu kwa dawa maalumu ya fedha, kisha ulifunge kwa kitambaa cha pamba. Usilifunge kwa sweta la sufu, wala usiweke mpira wa kubania karatasi ndani yake, kwani vyote viwili vina salfa na vitalirudisha kwenye weusi upesi.

SWALI: Mwandishi, nilikuwa saisi kwa zaidi ya miaka 30, Arusha na hapa Moshi, na farasi niliyempenda kuliko wote alikufa kwa ugonjwa wa farasi wa Afrika wakati wa mvua. Tajiri wangu alinipa kiatu kimoja cha chuma cha farasi huyo, hatamu ya kichwani ya ngozi, na kombe dogo la fedha aliloshinda. Mwenyewe nilikata singa za mkia wake nikaziweka ndani ya kombe hilo. Sasa nondo wameingia, hatamu ina ukungu, na jirani ananiambia nizichome singa kwa sababu ya ugonjwa. — Saisi mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa farasi wako. Singa usizichome. Ugonjwa uliomuua hauambukizwi kwa kugusana. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri, ndiyo maana huja na mvua. Singa kavu zilizokaa miaka ndani ya nyumba hazina namna ya kumwambukiza farasi wa mtu.

Anayezila si nondo mwenyewe unayemwona akiruka, ni buu lake, ambalo hujilisha sufu, manyoya na nywele. Zitoe nje, uzikung'ute juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna vumbi lenye chembe au vifuko vyeupe. Kisha zitie kwenye mfuko safi wa plastiki usiopitisha hewa, uubane hewa itoke, na uombe nafasi kwenye friza ya kijana wako au ya duka la jirani, ile yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, zikae wiki mbili kamili. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukizitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa kwa siku nzima hadi upate joto la chumbani, la sivyo umande utaganda juu ya singa. Baada ya hapo zioshe kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, ukishika fungu lote kwa mkono mmoja karibu na mahali lilipokatwa ili lisisukane, uzitandaze kivulini, na zikishakauka kabisa uzifunge kwa uzi wa pamba.

Majani ya mwarobaini na karafuu ambayo bibi zetu waliweka kwenye masanduku yana harufu ambayo huenda ikawafukuza wadudu, lakini hayaui mabuu yaliyokwisha kuingia, na yakigusa kitambaa huacha madoa. Vidonge vyeupe vya naftalini ninakuomba usivitumie ikiwa kuna mtoto mchanga nyumbani. Katika mikoa yenye historia ndefu ya malaria, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwa mtoto wa aina hiyo mvuke wa naftalini, hata uliobaki kwenye nguo tu, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Singa zisirudi ndani ya kombe. Najua kwa nini uliziweka humo, na moyo wangu uko pamoja nawe, lakini singa zina salfa kama sufu ilivyo, na fedha iliyofungiwa nazo itazidi kuwa nyeusi. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, kando ya kombe, ndani ya boksi moja. Bado watakaa pamoja.

Hatamu ya ngozi ipeleke nje, ufute ukungu kwa kitambaa kikavu ukiwa umefunga pua na mdomo, iache ipate hewa kivulini, kisha ipitishe sabuni ya kusafishia matandiko ya ngozi ya farasi kwa sifongo kilichokamuliwa vizuri. Wewe unaijua kazi hii kuliko mimi, ila kuna tofauti moja: hatamu inayotumika kila siku huhitaji mafuta, lakini inayohifadhiwa haihitaji mengi, kwa sababu mafuta ya ziada hunata vumbi na kulisha ukungu. Usiifunge kwenye plastiki. Ijaze kitambaa ili ishike umbo la kichwa.

Kiatu ni chuma, kwa hiyo adui yake ni unyevu na jasho la mikono. Kipige mswaki mkavu kuondoa udongo, ukipenda bakiza kidogo cha udongo ule wa mwisho kwenye mfereji wa misumari, na misumari iliyopinda usiing'oe. Kipashe juani hadi kiwe vuguvugu, kisha ukipake nta ya nyuki kwa ukoko mwembamba tu.

Na kabla ya yote hayo, mzee wangu, mwambie mjukuu akuandikie kwa mkono: jina la farasi, rangi yake, alizaliwa wapi, alishinda nini, na wewe ulikuwa nani kwake. Kiatu chako bila karatasi hiyo kitauzwa siku moja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.

SWALI: Shikamoo Mama. Vyeti vyangu vya mashindano nataka kuvilaminisha, na picha nimezibandika kwenye albamu yenye kurasa za kunata. Nyingine ziko kwenye simu tu. Ni sawa? — Mpandaji kijana, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Vyeti usivilaminishe. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuipenyeza kwenye karatasi, na haitoki tena. Maji yakipenya pembeni, cheti huoza kikiwa ndani ya plastiki yake. Tia kila cheti kwenye mfuko wazi wa polipropilini au polyesta, ukiepuka ile mizito yenye harufu kali ya plastiki mpya, ambayo aghalabu ni ya PVC na hutoa asidi kadiri inavyozeeka.

Albamu ya kunata ni mtego. Gundi yake hukauka na picha huganda. Ukiona picha inakataa kutoka, usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine, na ikigoma kabisa ipige picha hapo hapo ilipo.

Za kwenye simu zinakili mahali pawili tofauti, mojawapo pakiwa nje ya nyumba yenu, kwa sababu simu huibwa na nyumba huungua. Halafu chagua kumi bora uzichapishe studio. Karatasi za picha za siku hizi zina utando wa plastiki ambao penseli haiushiki na wino wa kalamu huchafua picha inayofuata, kwa hiyo andika maelezo kwenye bahasha kwa penseli, na uandike kabla ya kuitia picha ndani, ili mkandamizo wa penseli usichore sura ya farasi.